Tairi la mzigo: soma ubavu wake kabla hujatoa pesa

Wenye magari madogo ya kuchukua maembe, madafu na samaki kutoka Malindi hadi soko la Kongowea huniuliza sana swali hili: nikifunga matairi yaliyoongezwa nguvu, nitaweza kupakia zaidi? Jibu langu ni fupi. Tairi zuri hukuongezea usalama, halikuongezei ruhusa ya mzigo.

Tuanze ubavuni. Kila tairi limeandikwa ukubwa wake, kisha nambari na herufi. Tuseme umeona 205/55R16 91V. Hiyo 91 ni nambari ya uzito, na maana yake tairi moja labeba hadi kilo 615. Herufi V yaonyesha kiwango cha kasi. Tairi la ukubwa uo huo lenye alama ya XL huandikwa 94, yaani kilo 670. Limetiwa nguvu ndani ili listahimili upepo mwingi zaidi.

Na hapo kwenye upepo ndipo wengi wanapoteleza. Mzigo haubebwi na mpira peke yake, hubebwa na upepo ulio ndani. Tairi la kawaida hufikia uwezo wake wote kwa karibu PSI 36, na la XL kwa karibu PSI 42. Ukifunga XL ukalijaza upepo ule ule wa zamani, zile kilo 55 ulizolipia hukuzipata.

Aina nyingine ni tairi la biashara, lenye herufi C baada ya ukubwa. Matatu nyingi za HiAce hutumia 195R15C 106/104. Nambari ya kwanza ni kilo 950 kwa tairi lililofungwa moja kila upande. Ya pili ni kilo 900 kwa kila tairi yanapofungwa mawili mawili. Ukiona 8PR, usidhani kuna tabaka nane za nyuzi. Zamani ilikuwa hivyo, leo ni kipimo cha nguvu tu.

Unapokwenda kununua, shika haya:

Kwanza, tazama kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usinunue tairi lenye nambari ya uzito iliyo chini ya ile gari lako lilivyotengenezewa.

Pili, magari mengi kutoka Japani huandikwa upepo kwa kPa. 240 ni karibu PSI 35.

Tatu, pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Likipata moto njiani upepo hupanda wenyewe, na hiyo ni kawaida. Usiupunguze. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na tabaka zake huachana. Hapo ndipo hupasuka.

Nne, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kwa tairi la mtumba, alama ya XL haisaidii kitu ikiwa mpira umepasukapasuka.

Tano, matairi mawili ya ekseli moja yawe sawa kwa ukubwa na aina.

Jueni pia kwamba tairi gumu hurusha zaidi gari likiwa tupu.

Sasa turudi kwenye swali. Uzito wa juu wa gari uliwekwa kwa kuangalia springi, breki, ekseli na ringi pamoja. Ukibadilisha tairi, hivyo vingine vimebaki vile vile. Breki iliyotengenezewa mzigo fulani haijui kwamba umefunga XL. Ikiwa kila siku mzigo wakushinda, dawa ni safari mbili au gari kubwa.

Abiria na mali ya watu ni amana mikononi mwetu. Kwa hivyo ukifika dukani, uliza nambari ya uzito kwanza, bei baadaye.