Madirisha ya Java na ramani ya Kibera: historia fupi ya Swing

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaojifunza programu, wawe wa Kibera au wa Kawangware, ni hili: kwa nini chuoni bado tunasumbuliwa na Swing ya Java, yale madirisha ya kijivu, wakati kila mtu anatengeneza programu za simu na za wavuti? Ni swali la haki kabisa. Leo nitalijibu kwa historia. Inaanzia Norway, inapitia Marekani, na kituo chake kikubwa kwetu sisi ni Kibera, mwaka 2009.

Haya, twende.

Objekti zilitoka wapi?

Miaka ya 1960 mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitaka kuiga mambo ya dunia halisi ndani ya kompyuta, kwa mfano jinsi foleni zinavyokua na kupungua. Wakaunda lugha ya Simula, na toleo lake la 1967 likaleta klasi na urithi, vitu ambavyo kila mwanafunzi wa Java anavikariri leo. Kama wewe si mwanaprogramu, usihofu. Objekti ni kitu ndani ya programu kinachotunza habari zake na kujua kazi zake. Chukua matatu ya 46 ya Kawangware: inajua ina abiria wangapi, na ukiiambia "simama" inasimama. Abiria hahitaji kujua breki zinafanya nini huko chini.

Miaka ya 1970 wazo hilo lilihamia Palo Alto, Marekani, katika maabara ya Xerox PARC. Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao walitengeneza Smalltalk, na hapo objekti zikakutana na kioo cha picha na kipanya. Dirisha likawa objekti, menyu ikawa objekti. Mnorwe mwingine, Trygve Reenskaug, aliyekuwa mgeni pale, mwaka 1979 akaongeza wazo ambalo naomba mlikumbuke: tenganisha habari zenyewe, namna zinavyoonyeshwa, na namna mtumiaji anavyozigusa. Usivichanganye vitatu hivi, la sivyo ukitaka kubadilisha rangi ya kitufe utajikuta unavunja hesabu.

Java ilitangazwa na Sun mwaka 1995. Vitufe vyake vya kwanza, vya AWT, viliazimwa kutoka kwa mfumo wa kompyuta, kwa hiyo programu ile ile ilikuwa na sura moja kwenye Windows na nyingine kwenye Unix, na mara nyingine ilivurugika. Swing, iliyoingia rasmi katika Java 1.2 mwishoni mwa 1998, ilikata shauri kujichorea karibu kila kitu yenyewe. Hasara yake ilikuwa uzito na sura ya kigeni. Faida yake ilikuwa faili moja inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Na msimbo wake ni rahisi kusoma:

JButton kitufe = new JButton("Ongeza bomba");
kitufe.addActionListener(e -> ramani.ongeza(nukta));
dirisha.add(kitufe);
dirisha.pack();
dirisha.setVisible(true);

Mistari mitano. Mstari wa pili ndio roho ya kazi: kitufe hakijui chochote kuhusu ramani. Kinabonyezwa, kinapiga kelele, na aliyejiandikisha kusikiliza ndiye anayefanya kazi. Nimetumia mfano wa ramani makusudi.

JOSM yaingia Kibera

Mwaka 2004 Steve Coast alianzisha OpenStreetMap huko Uingereza, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwaka uliofuata Immanuel Scholz akaanza kuandika programu ya kuihariri kwa Java na Swing. Ndiyo JOSM, na toleo lake la 1.0 lilitoka Januari 2006.

Sasa njoo Nairobi. Kibera ni makazi yaliyoanza mapema karne ya 20, askari Wanubi walipokaa pale, na jina lake Kibra lina maana ya msitu kwa Kinubi. Lakini miaka mia moja baadaye, ukifungua ramani ya mtandaoni uliona doa karibu tupu katikati ya jiji. Hata idadi ya watu ilibishaniwa: wengine walisema milioni, sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mtaa usio kwenye ramani, mtu akisema hauna maji au una maji ya kutosha, utambishia kwa lipi?

Mwishoni mwa 2009, Erica Hagen na Mikel Maron walianza mradi wa Map Kibera pamoja na vijana 13 wa mtaa huo. Vijana walitembea na vifaa vya GPS vichochoroni, wakarekodi njia, vyoo, mabomba ya maji, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Jioni nyayo zile zilifunguliwa kwenye kompyuta ndani ya JOSM, na vijana wakachora juu yake. Ndani ya wiki chache, mwezi Novemba, ramani huru ya Kibera ilikuwa imesimama. Baadhi yao hawakuwa na uzoefu mkubwa wa kompyuta.

Iliwezekanaje? Sifa kuu ni ya vijana wenyewe, wao ndio waliojua kila kona. Lakini mimi ni mwanaprogramu, kwa hiyo nilifungua msimbo wa JOSM (uko wazi kwa kila mtu) nikaona mambo matatu.

La kwanza, wazo la Reenskaug. Ramani yenyewe inakaa katika klasi inayoitwa DataSet, na mchoro wake kwenye kioo katika MapView. Kwa kuwa vimetenganishwa, unaweza kushusha eneo lako, ukafanya kazi bila mtandao, ukahifadhi, ukapandisha baadaye. Kumbukeni nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka huo huo wa 2009. Intaneti ilikuwa bado ghali na ya kukatikakatika.

La pili, kila tendo ni objekti. Kuongeza nukta ni objekti, kusogeza ni objekti, kufuta ni objekti, na zote zinapangwa kwenye orodha. Ndiyo maana Ctrl+Z inarudisha ulichoharibu. Kwa mtu anayeshika kipanya kwa wasiwasi, hilo ni jambo kubwa: anajaribu bila kuogopa.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. JOSM ina fomu za kuchagua aina ya mahali, lakini pembeni ina jedwali unaloweza kuandika lebo yoyote. Mwandishi wake hakuifunga orodha. Fikiria kama angeweka menyu ya hospitali, hoteli na uwanja wa golfu tu! Bomba la maji ya kuuza kwa mtungi lingeandikwa wapi? Choo cha kulipia je? Anayetengeneza menyu anaamua ni vitu gani vipo duniani, na mara nyingi hajawahi kufika Gatwekera wala Laini Saba.

Tusidanganyane hata hivyo. Lebo za OpenStreetMap ni za Kiingereza, na kompyuta zinazoweza kubeba Java si nyingi vichochoroni. Ramani pia haileti maji kwenye bomba. Inachokupa ni ushahidi wa kwenda nao mkutanoni.

Basi, Swing ya nini leo?

Mwaka 2009 kulikuwa na mhariri mwingine wa OpenStreetMap, Potlatch, uliofanya kazi ndani ya kivinjari kwa teknolojia ya Flash, ya kisasa na ya kupendeza wakati ule. Flash iliachwa mwisho wa 2020. JOSM, na ukijivu wake, bado inatumika.

Kwa hiyo ndugu yangu unayelalamika chuoni, usijifunze Swing kwa ajili ya Swing. Jifunze mambo haya matatu, maana utayakuta tena kwenye Android na kwenye wavuti kwa majina mengine. Kisha fanya zoezi hili: tengeneza dirisha moja la kuorodhesha vioski vya maji vya Gatina au Kabiro, kule Kawangware. Uwanja wa jina, uwanja wa bei ya mtungi, kitufe cha kuhifadhi. Halafu mkalishe muuza maji mbele yake, ukae kimya umtazame. Akikosa pa kuandika jambo analolijua, rudi ukarekebishe klasi zako.

Maswali yaleteni. Wiki njema!