Banda lililopanda cheo

Mkazi wa Bungoma akiulizwa banda ni nini, ataelekeza kidole kwa kuku au ng'ombe wake. Kwa wingi neno hilo huchusha zaidi: mitaa ya mabanda.

Lakini katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, mwendo mfupi kutoka Kitale, shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, hukodisha mabanda ya Kapkuro, na hakuna kuku humo. Kuna vitanda na jiko. Asubuhi mgeni huenda kuona pango la Kitum, ambako tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, au hushuka Saiwa, mbuga ya takriban kilomita 3 tu za mraba, kumvizia nzohe, swala mwenye kwato ndefu za kutembelea kinamasi.

Waingereza nao wamelipandisha cheo banda lao. Kibanda cha mchungaji wa kondoo, chenye magurudumu, sasa hukodishwa kwa watalii mashambani, kikiwa na shuka nyeupe na jiko la kuni. Mtindo huo wanauita glamping, neno lililounganisha fahari na kupiga kambi.

Kiswahili kingeweza kusema hema la kifahari. Hema tulilipata kwa Waarabu. Tatizo ni kwamba mitaani Bungoma watu husema tenti, na tenti hukodishwa pamoja na viti vya plastiki, kwa harusi au matanga. Ukimwambia shangazi umelipa pesa kulala kwenye tenti, kwanza atauliza nani amefariki.