Mariano Rivera na Kasoro ya Hesabu ya Uokozi

Mwaka 2019 Mariano Rivera, aliyekulia katika kijiji cha wavuvi cha Puerto Caimito nchini Panama, alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kwa kura zote, 425 kati ya 425, kuingia katika Jumba la Mashujaa la besiboli la Marekani. Heshima hiyo huelezwa zaidi kwa tarakimu moja: 652, idadi ya "uokozi" alioandikiwa akiwa na New York Yankees kati ya 1995 na 2013. Heshima aliistahili, ushahidi huo ndio wenye walakini. Mrushaji wa akiba huingia kumpokea mwenzake aliyeanza mchezo, na kwa kanuni ilivyo leo anayemaliza mchezo huku timu yake ikiongoza, kwa kawaida kwa tofauti isiyozidi mikimbio mitatu, huandikiwa uokozi. Takwimu hii, iliyobuniwa na Jerome Holtzman, mwandishi wa michezo wa Chicago, na kuwa rasmi mwaka 1969, haina lolote la kumpa yule aliyezima hatari katika awamu ya saba akampisha mwingine.

Tuitazame misimu miwili iliyofuatana. Mwaka 1996 Rivera alirusha zaidi ya awamu 107, akaruhusu wastani wa mikimbio 2.09 kwa kila awamu tisa, akawatoa wapigaji 130 kwa straiki. Msimu mzima mpira mmoja tu aliourusha ndio uliopigwa ukavuka uzio kwa mkimbio wa moja kwa moja. Uokozi wake ulikuwa 5. Aliyekuwa akifunga michezo ni John Wetteland, aliyerusha takriban awamu 64 kwa wastani wa 2.83, na akaandikiwa uokozi 43. Wetteland alipoondoka, Rivera alirithi nafasi yake, na mwaka 1997 naye akapata 43. Awamu zake, hata hivyo, zilishuka hadi 71 na ushei. Kazi ilipungua kwa theluthi moja, ilhali takwimu inayodaiwa kuipima ikapanda zaidi ya mara nane. Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni saa ya kuitwa uwanjani. Hata waandishi waliopiga kura ya tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 1996 waliliona hilo, wakamweka wa tatu, na inashangaza kwamba hoja hiyo ilisahaulika mara tu alipoanza kulimbikiza uokozi.

Watetezi wa hesabu hii hujibu kwamba awamu ya tisa ina mzigo wake, na kwamba nafasi maalumu humwezesha mrushaji kujua lini apashe mkono na hivyo kudumu. La kudumu lina uzito, kwani Rivera alirusha hadi umri wa miaka 43. La mzigo ni dhaifu. Kulinda tofauti ya mikimbio mitatu bila mpinzani yeyote kwenye besi si kugumu kuliko kuingia awamu ya saba besi zote zikiwa zimejaa. Isitoshe, kipimo kimeanza kuwaamulia makocha. Tarehe 4 Oktoba 2016 Baltimore Orioles walikuwa ugenini Toronto katika mchezo wa mtoano, sare ya 2-2 katika awamu ya kumi na moja. Zack Britton wa Orioles, aliyefanikiwa katika nafasi zake zote 47 za uokozi msimu ule, alibaki akisubiri uongozi ambao haukuja. Badala yake akarusha mwenzake Ubaldo Jiménez. Edwin Encarnación wa Toronto akaupiga mpira ukavuka uzio, na msimu wa Orioles ukaishia hapo.

Inawezekana kwamba kocha mmoja alikosea tu. Lakini mantiki ileile imo katika mishahara, na kwa mchezaji wa kawaida hapo ndipo pigo linapouma. Dellin Betances, aliyefanya kazi katika klabu ileile ya Yankees kwa namna iliyokaribiana na ya Rivera wa 1996, alifika mbele ya wasuluhishi mwaka 2017 akiomba dola milioni 5. Klabu ilishikilia kwamba malipo hayo ni ya wanaofunga michezo, nao wasuluhishi wakaipa ushindi. Betances alilipwa milioni 3.