Kurejesha Toleo

Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Bethesda iliadhimisha miaka 10 ya mchezo wake wa Skyrim kwa kutoa sasisho. Waliokuwa na toleo la 1.5.97 kwenye kompyuta zao wakajikuta na toleo la 1.6, na wengi wao hawakuwa wameliomba, kwa kuwa Steam, duka walikonunulia mchezo, husasisha michezo yenyewe. Mchezo ulifunguka vizuri. Kilichokufa ni modi.

Modi ni nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji: silaha, miji, sauti, hadithi nzima mpya. Nyingi kati ya modi nzito za Skyrim hutegemea programu iitwayo SKSE, nayo pia ni kazi ya wachezaji. Programu hii hujichomeka ndani ya mchezo wakati unaendeshwa, na ili ifanye hivyo ni lazima ijue kila kipande cha mchezo kimekaa kwenye anwani gani ya kumbukumbu. Katika sasisho lile Bethesda walibadilisha hata kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa lugha ya mashine, wakatoka Visual Studio ya 2015 kwenda ya 2019. Kompaila ikibadilika, maandishi yaleyale hupangwa upya. Anwani zikahama, na SKSE ikawa haina pa kushika. Mtu aliyetumia miezi kupanga modi zake, moja juu ya nyingine, akabaki na mchezo mtupu.

Walichofanya maelfu ya wachezaji ni kuutoa mchezo kwenye 1.6 na kuuweka tena kwenye 1.5.97. Kitendo hicho ndicho ninachotaka tukipe jina thabiti kwa Kiswahili, maana kwa sasa kila mtu anakiita anavyopenda, na majina mengine yanapotosha.

Kiingereza hutumia neno downgrade, na vijana wetu husema kudaungredi bila shida. Anayetaka Kiswahili husema kushusha toleo. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kushusha tayari kuna kazi nyingine kwenye kompyuta: watu wanashusha nyimbo, wanashusha filamu, kwa maana ya kupakua. Ukiniambia umeshusha toleo la zamani, sijui kama umelipakua tu na limekaa kwenye folda, au umekwisha kuliweka mahali pa lile jipya. Utata huu una madhara, kwa sababu kazi yenyewe ina hatua hizo mbili, na anayefuata maelekezo akiishia ya kwanza hatapata anachokitafuta. Tena kushusha kunabeba hukumu. Mtu hushushwa cheo, bei hushushwa, hadhi hushushwa. Neno linakubali kimyakimya kwamba namba kubwa ndiyo bora, wakati kwa mchezaji wa Skyrim mwenye modi 200, toleo la 1.5.97 ndilo lililokamilika.

Kutendua ni neno ninalolipenda. Limeundwa kwa mnyambuliko uleule wa funga na fungua, ziba na zibua, na linafaa sana kwa kile kitufe kinachofuta herufi uliyoiandika sasa hivi. Lakini mtu hutendua tendo lake mwenyewe, na la karibuni, ambalo mashine bado inalikumbuka. Sasisho limefanywa na mwingine. Isitoshe, halibanduki kama tabaka la rangi: faili za zamani zimeondolewa na nyingine zimewekwa mahali pake. Kumwambia mchezaji atendue sasisho ni kumfanya atafute kitufe ambacho hakipo.

Kurudi na kurudisha yanazungumzika vizuri. "Nimerudi 1.5.97" ni sentensi safi, na sioni sababu ya kuwakataza wachezaji kuisema. Shida iko kwenye kurudisha, kwa kuwa katika maduka ya michezo kurudisha gemu ni kurudisha ulichonunua ili upewe fedha zako. Steam wanaruhusu hilo ndani ya siku 14 tangu ununuzi, ikiwa umecheza chini ya saa 2. Maneno mawili yanayokaribiana hivyo hayafai kukaa kwenye menyu moja.

Linabaki kurejesha, na ndilo ninalolitetea. Tunarejesha amani, tunarejesha huduma ya maji, umeme ukikatika shirika linaurejesha. Katika matumizi yote hayo kuna hali iliyokuwepo, ikaondoka, na kuna mtu anayefanya kazi ya kuifanya iwepo tena. Hakuna hukumu kwamba hali ya kwanza ilikuwa duni. Pia simu na kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimekwisha kuzoeza watu neno rejesha kwa kazi inayofanana na hii, kurejesha data kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa. Tahadhari yangu ni moja tu: nomino yake iwe urejeshaji. Marejesho tuwaachie wanachama wa VICOBA, ambako kila mtu anajua kuwa ni fedha za mkopo zinazolipwa kila wiki. Kwa hiyo: kurejesha toleo, urejeshaji wa toleo, toleo lililorejeshwa.

Nusu ya pili ya istilahi, toleo, inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko inavyofanyiwa. Ni neno la wachapaji. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la kwanza la 1981, la pili la 2004 na la tatu la 2013, na mwenye lile la 1981 bado analo kabatini. Hakuna mchapishaji aliyeingia nyumbani kwake usiku akalibadilisha. Ndivyo Kiswahili kilivyotuzoesha kulielewa toleo: jipya likitoka, la zamani halifi. Michezo ya kompyuta inauzwa kwa neno hilihili, lakini huishi kwa desturi nyingine kabisa. Naona neno letu ndilo lenye haki, na desturi ndiyo inayopaswa kusogea. Neno sasisho nalo ni kweli kupita tangazo lolote la kampuni: limetokana na sasa, na linachoahidi ni kitu kuwa cha sasa. Halisemi kwamba kitakuwa kizuri zaidi.

Kurejesha kuna sharti ambalo kushusha na kutendua hayalionyeshi: kinachorejeshwa lazima kiwe kimehifadhiwa mahali fulani. Mjadala wote wa michezo ya zamani umekaa hapa.

Kwa Skyrim, kilikuwa kimehifadhiwa. Mitambo ya Steam huweka faili za kila mchezo katika mafungu yanayoitwa depo, na kila hali ya depo ina orodha yake, manifesti, yenye namba ndefu. Toleo jipya likitoka, manifesti mpya huandikwa, na ya zamani haifutwi mara moja. Mchezaji hufungua dirisha la amri la Steam, akaandika amri ya download_depot na kufuatisha namba tatu: ya mchezo, ambayo kwa Skyrim Special Edition, Skyrim tunayoizungumzia hapa, ni 489830, ya depo, na ya manifesti ya siku anayoitaka. Faili hushuka kwenye folda ya pembeni, naye huzinakili juu ya zile mpya. Ni njia ya kiufundi, haikutengenezwa kwa ajili ya mchezaji wa kawaida, na mtu akikosea tarakimu moja ya manifesti hapati kitu.

Pia ni njia ya gharama. Mchezo huu unapita GB 10. Mchezaji wa Mbeya au Kisumu anayeishi kwa bando amelipia sasisho asilolitaka, kisha alipie tena kuliondoa. Ndiyo maana nawathamini sana watengenezaji wa modi waliounda viraka vya kurejesha, vinavyobeba tofauti tu kati ya faili ya toleo moja na ya jingine. Kiraka kinaisoma faili mpya iliyoko kwenye diski yako na kuijenga ile ya zamani kutokana nayo, hivyo unapakua sehemu ndogo ya mzigo wote. Waliovitengeneza hawakulipwa na kampuni yoyote.

Duka la GOG limechagua njia ya wazi zaidi. Mnunuzi anaweza kupakua faili ya kusakinishia na kuiweka kwake, na programu yao ya Galaxy ina sehemu ya kuchagua toleo lililotangulia la michezo mingi. Minecraft, ile ya Java, inakwenda mbali kuliko wote: unapotengeneza usakinishaji unachagua toleo lolote kwenye orodha ndefu inayorudi nyuma hadi siku za mwanzo za mchezo. Tarehe 29 Februari 2016 toleo la 1.9 lilibadilisha namna ya kupigana, upanga ukawa na muda wa kusubiri kati ya pigo na pigo. Waliozoea pigano la haraka walibaki 1.8.9, na hadi leo kuna seva zinazochezwa kwa namba hiyo. Hapakuwa na haja ya amri wala kiraka.

Kisa cha RuneScape kinaonyesha sharti la kuhifadhi kuliko vyote. Huu ni mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Uingereza, Jagex. Mwezi Novemba 2012 mfumo wake wa mapigano ulibadilishwa kabisa, na watu wengi waliukimbia. Mchezaji wa mchezo wa namna hii hana cha kurejesha nyumbani kwake, kwa kuwa dunia ya mchezo iko kwenye seva za kampuni. Jagex walikuwa na nakala ya mchezo ya Agosti 2007. Wakaitisha kura, zikapigwa zaidi ya 400,000, na Februari 2013 wakafungua Old School RuneScape kutokana na nakala ile. Ungali unachezwa, na mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Kama nakala hiyo isingekuwepo, kura zote zile zisingefaa kitu.

Overwatch, mchezo mwingine wa mtandaoni, haukupata bahati hiyo. Mwanzoni mwa Oktoba 2022 kampuni ya Blizzard ilizima seva za mchezo wa kwanza, na Overwatch 2 ukachukua nafasi yake. Walionunua ule wa kwanza hawakuwa na faili yoyote nyumbani ya kuuendesha.

Kuna hali iliyo katikati, na hii inatugusa Afrika Mashariki, ambako GTA San Andreas umechezwa katika vibanda vya gemu na kwenye kompyuta kuukuu kuliko michezo mingi ghali. Mwaka 2014 sasisho la Steam liliondoa baadhi ya nyimbo za redio za mchezo huo kwa sababu leseni za muziki zilikuwa zimekwisha muda. Modi nazo nyingi zimejengwa juu ya toleo la 1.0 la 2005. Mwenye diski ya mwaka ule anarejesha bila wasiwasi. Asiyekuwa nayo hutafuta faili za watu wasiojulikana, na hapo nashauri ajizuie: faili ya kuendeshea mchezo iliyopitia mikono ya wengine ni njia rahisi ya kuingiza virusi, na kompyuta ileile huenda ndiyo anayofanyia kazi za ofisi.

Tusidhani pia kwamba kila sasisho ni uonevu. Januari 2022 seva za Dark Souls za kompyuta zilizimwa baada ya kugundulika tundu lililomwezesha mchezaji mmoja kuendesha amri kwenye kompyuta ya mwingine. Tundu kama hilo likizibwa, kurejesha toleo lenye tundu na kuingia nalo mtandaoni ni hatari. Mchezo unaochezwa peke yako, umefunga intaneti, hauna tatizo hilo.

Jambo jingine la kiufundi huwaumiza wengi: sevu, yaani faili inayohifadhi ulikofika kwenye mchezo. Sevu iliyoandikwa na toleo jipya mara nyingi haisomeki na la zamani. Nakili folda ya sevu kabla ya kugusa chochote. Kwenye simu za Android hali ni ngumu zaidi, kwani mfumo hukataa kusakinisha toleo la namba ya chini juu ya lile la namba ya juu. Ni lazima uiondoe programu kwanza, na data yake huondoka nayo isipokuwa umeihifadhi kwingine.

Ukikubali kurejesha toleo, utahitaji na neno la kuzuia lisiondoke tena. Mimi natumia kugandisha toleo. Aprili 2024 watengenezaji wa Fallout: London, modi kubwa iliyojengwa juu ya Fallout 4, waliahirisha kuitoa kwa sababu Bethesda walitangaza sasisho la tarehe 25 mwezi uleule, siku mbili baada ya tarehe waliyoipanga. Modi ilitoka 25 Julai, na aliyenunua mchezo kupitia Steam alitakiwa kwanza kurejesha toleo lililotangulia sasisho hilo, kisha kuligandisha. Steam hawana kitufe cha kukataa sasisho moja kwa moja. Mpangilio wa karibu zaidi ni ule wa kusubiri mpaka mchezo ufunguliwe. Kwa hiyo wachezaji wa Skyrim huenda kwenye folda ya steamapps, huitafuta faili ya appmanifest_489830.acf, huifanya ya kusomwa tu, kisha huufungua mchezo kupitia SKSE bila kupita kwenye kitufe cha Steam.