Unateremka Lamu? Jua Kwanza Hiyo Sherehe Ni ya Nani

Mwaka ukianza kuisha, simu za Wanairobi hujaa picha za Lamu. Punda anatimka kando ya bahari, mashua imelala upande kwa upepo, na kuna yule beste yako amejifunga kikoi kana kwamba alizaliwa nacho. Hapo ndipo grupu ya WhatsApp huundwa, watu wanaanza kuchanga, na wiki mbili baadaye nusu ya mbogi ishaingia mitini. Wewe ambaye bado uko ndani, soma hii kabla utume doo ya basi.

Ukimwambia mtu wa Amu (ndivyo wenyewe wanavyouita mji wao) kwamba unakuja "festivali ya Lamu", atakuuliza ipi. Kuna ile iliundwa ndio wewe uje. Kuna ile ingekuwepo hata kama hungezaliwa. Halafu kuna zile za Shela, ambazo mara nyingi zina mwenyewe na bei yake. Zote ziko fiti, lakini ukizichanganya utajikuta umevaa kaptula mahali watu wanasoma dua.

Ile ya mabango

Tamasha la Utamaduni la Lamu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu wakati mmoja na mji wa kale kuingia kwa orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Siku hizi serikali ya kaunti ndiyo iko mbele. Kawaida huwa Novemba, lakini tarehe husukumwa mara kwa mara, kwa hivyo usikate tiketi kwa sababu uliona bango la mwaka jana. Ngoja kaunti itangaze.

Ni siku chache tu, na mambo yanafanyika kila mahali: uwanja wa mbele ya Ngome, ule mjengo mkubwa wa mawe uliomalizika mwaka wa 1821 na ambao uliwahi kuwa jela, kisha ufuoni, kisha vichochoroni. Wazee wanacheza bao na hawataki kelele yako. Kina mama wanashindana kupaka hina. Kuna bibi harusi anaonyeshwa kwa mapambo ya Kiswahili, kuna mashairi, kuna kofia za mkono ambazo moja huchukua wiki nyingi kushonwa. Ukiulizwa bei ya kofia na ukaona ni ghali, kumbuka hizo wiki kabla uanze kutoa matusi. Usiku kuna taarab na ngoma. Kirumbizi ndiyo utarekodi: wanaume wawili, fimbo mbili, zumari linalia, na huyo mwenzako akizubaa anakula moja ya kweli.

Punda sasa. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba hadi gari haliwezi kupita, kwa hivyo kila mfuko wa saruji, kila jiwe la ujenzi na kila kreti ya soda imebebwa na punda au na mkokoteni. Vijana unaowaona wakishindana si wasee wameletwa kuigiza utamaduni. Ni wafanyakazi. Wanaendesha punda hao hao kila siku, bila tandiko, na siku ya mbio wanapita kando ya bahari watu wakiwa wamejaa pande zote mbili. Kukaa juu ya punda anayekimbia hivyo ni kazi, na anayeshinda anatembea kifua mbele kazini hadi mwaka ujao. Kuna pia kituo cha The Donkey Sanctuary hapo mjini tangu miaka ya 1980, kinachotibu punda. Ukitaka kuelewa Lamu haraka, keti nje ya hicho kituo asubuhi moja.

Mbio za mashua ni za wale wanaojua upepo. Hakuna injini. Nahodha anashika usukani, wengine wanavuta kamba, wengine wanahamisha mifuko ya mchanga kutoka upande huu kwenda ule, na kuna mmoja au wawili wamekaa nje kabisa juu ya ubao uliotokeza baharini ndio mashua isipinduke. Zinazunguka maboya na kurudi. Kutoka ufuoni huoni mengi, matanga tu, ila ukisimama karibu na wazee utasikia uchambuzi kuliko wa Ligi ya Uingereza. Mashua nyingi za huku zinachongwa Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hivyo zikishindana, heshima ya fundi nayo iko majini.

Ile ambayo hakuna mtu alikualika

Maulidi ni kuzaliwa kwa Mtume, na huangukia Mfungo Sita. Kwa sababu ni mwezi wa kuandama, kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11 kwa kalenda yako ya ukutani. Lamu hawaishii tarehe 12 ya mwezi huo kama wengine. Kilele chao huja mwisho wa mwezi, karibu na Alhamisi ya mwisho, kwa Msikiti wa Riyadha mtaa wa Langoni. Kwa 2026, mwezi ukiandama kama inavyotarajiwa, hiyo itakuwa mwanzo wa Septemba.

Hii ndiyo stori ambayo mabango hayakwambii. Habib Swaleh alizaliwa Ngazidja, Komoro, karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana. Mji ulikuwa na matabaka. Waungwana walikuwa kwa nyumba za mawe upande wa Mkomani. Chini yao kulikuwa na watumwa, waliokuwa watumwa, na wageni maskini waliokuja kutafuta maisha, wengi kwa vibanda vya makuti. Elimu ya juu ya dini haikuwa ya hao wa chini. Ilikuwa mali ya familia fulani, na kama hukuzaliwa humo, shauri yako.

Habib, ambaye yeye mwenyewe alikuwa sharifu na angeweza kukaa juu na kunyamaza, akaanza kuwafundisha hao hao. Akaleta pia Maulidi ya al-Habshi kutoka Hadhramaut, yanayosomwa kwa sauti ya wote na matari yakipigwa. Wakubwa walikasirika: matari, tena karibu na msikiti, tena na watu gani! Riyadha ukajengwa pale Langoni, upande wa watu wa chini, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Habib alifariki mwaka wa 1935. Leo hao hao ambao babu zao walilalamika wanakaa safu moja na wengine, na wageni hutoka Mombasa, Tanzania, Komoro na kwingine. Wengi hulala palepale karibu na msikiti na kulishwa pilau na wenyeji ambao hawajui hata majina yao.

Kwa hivyo ukisikia matari usiku ule, hiyo si burudani ya nyuma ya pazia. Ni hoja iliyoshinda kuhusu nani anaruhusiwa kuingia.

Hakuna tiketi. Hakuna bangili ya mkononi, hakuna VIP. Mchana kuna mashindano pia, punda na mashua na kuogelea, kwa hivyo mambo mengi unayofikiri ni ya lile tamasha la Novemba yapo na huku. Wazee hucheza Goma la Amu: mstari mrefu wa kanzu nyeupe, bakora mkononi, mwendo wa polepole kabisa. Dakika tano za kwanza utachoka. Dakika ya kumi utaona hakuna mtu amekosea hata hatua. Usiku Maulidi yanasomwa, na siku ya mwisho kuna ziara ya kaburi la Habib, halafu zefe, maandamano ya wanafunzi wa madrasa na matari yakipita mjini.

Sasa adabu, na hapa sina utani. Suruali ndefu au kikoi, mabega yafunikwe, wasichana beba leso kubwa. Simu weka mfukoni hadi uulize, na usimpige mtu picha akilia kwenye dua ndio upate laiki. Pombe, sahau. Utasikia pia Waislamu wengine, hapo hapo kisiwani, wanasema Maulidi ni uzushi. Huo ni mjadala wao wa miaka mingi. Wewe si jaji, kula pilau.

Mimi, kama ningekuwa na pesa ya safari moja pekee, ningeenda Maulidi. Najua wengi wenu mtachagua Novemba kwa sababu kuna jukwaa na taa. Sawa tu.

Shela na mambo ya mwaka mpya

Shela iko kama kilomita tatu kutoka mjini, na nyuma yake kuna ufuo wa kilomita 12 hivi. Huku ndiko kuna wiki ya yoga ya Machi, tamasha la wachoraji, shindano la kofia za vituko, na zile bash za Krismasi ambapo nusu ya Kilimani inahamia kwa wiki moja. Ni raha, siwezi kudanganya. Lakini nyumba nyingi za kupendeza zilinunuliwa na wageni kutoka nje, na kijana wa Shela akizaliwa leo hana hesabu ya kuja kununua kiwanja karibu na alipozaliwa babake. Kazi anayopata kwa sherehe hizo ni kubeba mizigo, kupika na kuendesha boti. Si vibaya, ila jua chapaa yako inaishia wapi. Ukilala kwa gesti ya mjini inayoendeshwa na mwenyeji, ukala mahamri na mbaazi kwa mama wa Langoni, na mkate wa mofa jioni, hiyo inabaki kisiwani.

Kufika bila kulia

Basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Ni safari ya siku nzima ukihesabu yote. Beba kitambulisho mkononi, si ndani ya begi chini ya basi, kwa sababu maafisa hukagua njiani zaidi ya mara moja. Hilo lina sababu. Juni 2014 Mpeketoni, upande wa bara, ilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Kafyu ikawekwa kwa miezi, hoteli zikafungwa, wavuvi wakazuiwa kutoka usiku, na kisiwa ambacho hakikurusha hata jiwe kikalala njaa. Mashambulizi upande wa bara yamewahi kurudi tena tangu hapo, kwa hivyo cheki hali ya barabara wiki unayosafiri na usipande gari la usiku. Ukiwa na doo, ndege hutua Manda, ng'ambo tu ya maji.

Uliza bei ya boti kabla mguu wako uguse ubao. Baada ya hapo huna nguvu. Ukitembea kwenda Shela kwa miguu, cheki maji: yakijaa, njia ya ufuoni inamezwa na utarudi ukiwa umebeba viatu kichwani. Maulidi yakiangukia wakati wa kusi, bahari huwa na mawimbi, kwa hivyo zile ndoto za kwenda Kiwayu kwa mashua zinaweza kungoja.

Na masikio yazoee Kiamu mapema. Huku njia ni ndia na mchanga ni mtanga. Mzee akikuashiria kwa mkono na kusema "ndoo", usianze kutafuta chombo cha maji. Anakuita uje, na pengine sinia ishawekwa chini.