Ganda la Risasi na Jirani wa Kulia

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba chombo kipya tusikipime kwa kazi kinayoifanya tu, bali pia kwa kile kinachokitupa, na kinamtupia nani. Mfano ulio wazi kuliko yote niliupata mbali na kwetu, huko Marekani, katika mchezo wa kulenga visahani vya udongo kwa bunduki ya marisau.

Mchezo wenyewe ulianzia Uingereza, ambako njiwa hai walifungiwa visandukuni, wakaachiwa na kupigwa. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Ohio, alipata hataza ya kisahani cha udongo, na njiwa wakapumua. Bunduki iliyozoeleka ilikuwa ya kukunja. Mpigaji akiikunja, ganda tupu liko mkononi mwake mwenyewe.

Ndipo akaja John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah. Bunduki yake ilitumia teke lake yenyewe: mtutu na komeo vilirudi nyuma pamoja, mtutu ukatangulia kurudi mbele, ganda likatemwa kupitia dirisha la ubavu wa kulia, na risasi mpya ikaingia. Winchester hawakukubaliana naye juu ya malipo. Alikwenda Remington, na mkuu wao, Marcellus Hartley, akafariki Januari 1902 Browning akingoja kuonana naye. Akavuka bahari hadi kiwanda cha FN, Herstal, Ubelgiji, nao wakaitengeneza. Ikaitwa Auto-5, kwa kuwa ilibeba risasi tano.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya uwanja. Walengaji watano husimama katika mstari uliopinda, kila mmoja karibu mita 3 kutoka kwa mwenzake, na hupiga kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo ganda la moto huruka kumwelekea yule hasa ambaye zamu yake imefika, shavu lake liko kwenye kitako, anataka kuita kisahani. Likimgonga, au likipita tu mbele ya macho yake, kisahani kimepotea. Baada ya visahani vitano huhama nafasi, na kila mmoja hufika mwisho wa kulia mara moja tu. Hapo pekee ganda lake halina wa kumgonga.

La ajabu ni kwamba, visahani vikirushwa kimoja kimoja, mpigaji hupakia risasi moja tu. Faida ya zile tano haipo kabisa! Kwa nini basi mtu aichukue? Kwa sababu ya bega. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, huendeshwa na gesi ya baruti, na teke lake ni laini. Anayepiga mara 100 au 200 kwa siku hulijua hilo jioni. Starehe ni ya bega lake, ganda ni la jirani.

Dawa yake ni ndogo: kishikizo kinachobandikwa kando ya dirisha, ganda likinasa hapo, mwenyewe alitoe kwa vidole. Hufaa na mfuko pia, maana maganda ya plastiki hujazwa upya, na si adabu kuinama kuyaokota wenzako wakipiga. Lakini visahani viwili vikirushwa pamoja, ganda la kwanza sharti litoke ndipo risasi ya pili iingie. Hapo kishikizo huondolewa, na jirani hurudi kuvumilia.

Nilipomtembelea binti yangu Ohio nilipelekwa kutazama. Kijana mmoja alikuja na bunduki ya aina hiyo bila kishikizo. Kuliani kwake alisimama mzee wa rika langu mwenye bunduki kama ile. Ganda la kwanza lilimpiga mzee kiwiko, la pili begani. Hakusema neno. Walipohama nafasi alitoa kishikizo cha akiba mfukoni, akamkabidhi. Kijana aliona haya, akakibandika. Katika visahani 20 vilivyombakia sikuona ganda lake lililovuka tena.