Shamba kwa Shamba, au Fedha kwa Shamba?

Njia ya reli haiwezi kupinda kila ifikapo kwenye ua wa mtu. Kwa hiyo karibu kila dola imejipa haki ya kutwaa ardhi ya raia kwa faida ya wote, hata kama mwenyewe hataki kuiuza. Neno hilo twalikubali, maana sote twapita njiani, na watoto wetu wasoma katika shule zilizojengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya mtu. Lakini tukiisha kulikubali, twakutana na swali lililo gumu zaidi: mwenye shamba alipwe nini, hata isemwe kwa haki kwamba amelipwa? Nataka kulitazama swali hilo kwa habari za zamani, hasa habari za Kakamega, kwa sababu huko jibu la sheria liligeuzwa katika muda wa miaka miwili tu.

Swali lenyewe ni la kale. Wasomaji wa Biblia wamkumbuka Nabothi, ambaye mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu. Mfalme alimwambia achague moja katika mawili: apewe shamba jingine lililo bora, au apewe thamani yake kwa fedha. Nabothi aliyakataa yote mawili, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, akasingiziwa, akauawa. Basi hapa tayari zipo njia mbili za kulipa, nazo ndizo zinazoshindana mpaka leo: ardhi kwa ardhi, na fedha kwa ardhi.

Waingereza walipokuwa wakijenga reli nyingi kwao, Bunge lao lilitunga sheria mwaka 1845 ili kuweka utaratibu mmoja wa kutwaa ardhi. Kampuni ya reli ilipaswa kumpelekea mwenye ardhi taarifa, kisha wapatane bei. Wasipopatana, shauri lilikwenda mbele ya waamuzi. Mwenyewe alilipwa thamani ya ardhi iliyotwaliwa, tena alilipwa hasara iliyoipata sehemu iliyobaki, kama shamba lilikatwa vipande viwili. Juu ya hayo ikawa desturi kumwongezea 10 kwa mia, kwa kuwa hakuuza kwa hiari yake. Nyongeza hiyo iliondolewa huko Uingereza mwaka 1919. Lakini katika sheria waliyoiweka Hindi mwaka 1894 iliandikwa wazi, nayo ilikuwa 15 kwa mia juu ya bei ya sokoni.

Sheria hiyo ya Hindi ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki wakati wa kujenga reli ya kutoka Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896 na kufika Ziwa la Victoria mwaka 1901. Kwa maneno yake ilikuwa sheria njema. Ila ilidai mambo mawili: pawe na bei ya sokoni, na pawe na mtu anayejulikana kuwa mwenyewe. Pwani walikuwapo watu wenye hati zilizoandikwa na kadhi. Bara, mipaka ilikuwa mito, miti na kumbukumbu za wazee, na ardhi ya ukoo haikuwa na bei, kwa kuwa haikuuzwa sokoni. Mwaka 1915 sheria ya Kenya ikahesabu hata ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ardhi ya Mfalme, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Mwafrika aliyekaa juu yake ni mpangaji tu, akaaye kwa hiari ya Serikali. Mpangaji wa namna hiyo aweza kulipwa kibanda chake na mazao yake. Ardhi yenyewe hailipwi, kwa maana imeambiwa si yake.

Watu walinung'unika sana. Ndipo mwaka 1930 ilipotungwa sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilisema kwamba nchi zilizotengwa kwa makabila zitakuwa kwa matumizi na faida yao milele. Tena iliongeza ahadi yenye uzito: kama sehemu ya nchi hizo itahitajiwa kwa kazi nyingine, kabila litapewa ardhi nyingine ya eneo lililo sawa, na thamani iliyo sawa kadiri iwezekanavyo. Vilevile Baraza la Wenyeji lilipaswa kuarifiwa kwanza. Hiyo ndiyo njia ya ardhi kwa ardhi, na wengi waliamini kwamba sasa wamepata ngome.

Mwaka uliofuata, yaani 1931, dhahabu ilionekana Kakamega, katika wilaya iliyoitwa wakati huo North Kavirondo. Wazungu wengi walikimbilia huko, wengine wakiwa walowezi walioharibikiwa na kushuka kwa bei za mazao. Wakapiga vigingi katika mashamba ya mahindi na wimbi, wakachimba mitaro. Serikali ikaiona ahadi yake imekuwa kizuizi. Wilaya ile ilijaa watu, wala haikuwako karibu nchi tupu ya kuwapa badala yake. Basi mwezi wa Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Ardhi iliyotwaliwa kwa muda kwa ajili ya madini haikupaswa tena kurudishiwa ardhi nyingine. Fidia ilitosha kuwa fedha. Sharti la kuliarifu Baraza kwanza likaondolewa pia. Hata London jambo hilo lililaumiwa katika Bunge na katika magazeti.

Tuwe wa haki: hoja ya Serikali haikuwa bure. Dhahabu haihamishwi, na uchimbaji una mwisho. Kweli, mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Lakini tufikiri upande wa mwenye shamba. Fedha aliyopewa ilihesabiwa kwa mavuno na nyumba vilivyoonekana siku ile. Haikuhesabiwa kwa mwanawe aliyekuwa bado mgongoni mwa mama yake, ambaye angelima pale pale baada ya miaka 20. Fedha ni ya mtu mmoja, nayo huliwa kwa msimu mmoja. Shamba ni la ukoo, nalo hula watu wa vizazi vingi. Aliyelipwa fedha asipate mahali pa kununua shamba jingine hakubadilishiwa mali, bali alibadilishiwa maisha.

Neno la pili ni zito zaidi. Ahadi ya 1930 haikuvunjwa kwa siri wala kwa nguvu. Ilivunjwa kwa sheria, siku ile ile ilipoanza kuwa na gharama. Ahadi isiyojaribiwa hatuwezi kujua uzito wake.

Siku hizi Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yaamuru mtu anayetwaliwa mali yake alipwe fidia ya haki, kamili, tena bila kukawia. Yaruhusu pia kumlipa akaaye kwa nia njema ingawa hana hati, jambo ambalo majaji wa mwaka 1921 hawakuliona. Na sheria ya mwaka 2019 yataja ardhi nyingine yenye thamani sawa kuwa namna mojawapo ya fidia. Hivyo shauri lililofutwa Kakamega limerudi katika vitabu.

Lakini sheria haimtafuti mtu nyumbani kwake. Yatupasa sisi tujuao kusoma kuwasaidia wazee wetu kuandikisha mipaka, kuhesabu miti, visima na makaburi kabla mpimaji hajafika, na kuuliza barazani, bila woga na bila matusi, kama malipo yatakuwa ya fedha au ya ardhi. Mwenye shamba akiuliza baada ya kutia dole gumba, amechelewa.